UZI: Mwisho wa hadithi ndio uliowakera

Wadau, wiki hii tena tumesikia ule wimbo wetu wa kawaida: vitabu na filamu zinawafundisha vijana ushoga, serikali ichukue hatua. Umeimbwa kwenye mkutano wa hadhara, ukaimbwa redioni, na ukaimbwa mazishini, ambako huku kwetu Kakamega ndiko bunge la pili hukaa kila Jumamosi.

Kwa wageni: hapa hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunachukua hoja moja tunaifuata hadi ilikotoka. Ya leo ni hii: mhusika anayependa mtu wa jinsia yake, tena mhusika mwenye umri wa mwanafunzi wa sekondari, amefikaje kwenye hadithi zetu, na ni kitu gani hasa kilipigwa marufuku? Jibu si lile mnalodhani. Kaeni chini, uzi ni mrefu.

Tuanzie Kampala. Mwaka 2006 mwandishi kutoka Ghana, Ama Ata Aidoo, alihariri mkusanyiko wa hadithi za mapenzi za Kiafrika, African Love Stories. Ndani yake kulikuwa na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko, Mganda, yenye jina "Jambula Tree". Jambula ni mzambarau. Huku wengine husema jamna. Ukila, ulimi unabaki rangi na mama anajua ulikuwa wapi. Hadithi yenyewe inatokea kwenye nyumba za Nakawa, mtaa wa watu wa kipato cha chini, na imeandikwa kama barua kutoka kwa Anyango kwenda kwa Sanyu. Walikuwa wasichana wawili marafiki. Jirani, Mama Atim, akawakuta chini ya mzambarau, na maneno yakasambaa. Sanyu akapelekwa London. Anyango akabaki na macho ya mtaa.

Sasa angalia vile mwandishi alivyopanga mambo. Hakuna hotuba, na hakuna anayesimama kudai haki. Nafasi kubwa anaichukua jirani: mdomo wake, jinsi anavyojua ya kila nyumba. Ukisoma unamtambua Mama Atim kabla hujamtambua mtu mwingine yeyote, kwa sababu kila ploti ina wake. Mwaka 2007 hadithi hiyo ilishinda Tuzo ya Caine, na Arac de Nyeko akawa Mganda wa kwanza kuipata. Uganda haikuungua. Miaka miwili baadaye, 2009, ndipo ule mswada maarufu dhidi ya mapenzi ya jinsia moja ulipofika bungeni Kampala, na tangu hapo kila kitu kikasomwa kwa miwani ya mswada huo.

Kabla ya hapo wahusika wa aina hii walikuwepo? Walikuwepo, ila tazama walivyokuwa. Katika The Interpreters ya Wole Soyinka (1965) yupo Joe Golder, Mmarekani, na kijana anayejikuta chumbani kwake anaanguka kutoka roshani na kufa. Katika Our Sister Killjoy ya Aidoo mwenyewe (1977) yupo Marija, mama wa nyumbani Mjerumani aliyejaa upweke. Mwaka 1989 mhakiki Chris Dunton aliandika makala akionyesha mtindo huu: katika fasihi yetu mtu wa namna hiyo karibu kila mara alikuwa mgeni, au alichafuliwa na mgeni, na alikuwepo ili kutufundisha jambo kuhusu Ulaya na Marekani. Mimi namtoa Aidoo kidogo kwenye lawama hiyo. Marija wake anatia huruma, hatishi, na sishangai kwamba ni Aidoo huyohuyo aliyeipa "Jambula Tree" nafasi miaka karibu thelathini baadaye.

Na Kenya? Rebeka Njau alichapisha Ripples in the Pool mwaka 1975. Selina, mhusika mkuu, ni mwanamke wa mjini aliyeolewa na kuletwa kijijini, na hisia zake zinamvuta kwa Gaciru, dada mdogo wa mumewe. Selina anaishia kwenye wazimu na mauaji. Sijawahi kusikia mtu akitaka kitabu hicho kichomwe. Miaka karibu hamsini kiko kwenye rafu za vyuo.

Shikilia hapo: mgeni, mwendawazimu, au maiti. Ukiwa mmoja wa hao watatu unaruhusiwa kuingia kwenye hadithi. Kuna wa nne pia, yule mchekeshaji wa vipindi vya runinga anayepinda mkono na kubana sauti. Huyo hata watoto wa chekechea wanamwona saa moja jioni na familia nzima inacheka.

Tuje kwa Rafiki. Wanuri Kahiu alichukua "Jambula Tree" akaihamishia Nairobi. Anyango na Sanyu wakawa Kena na Ziki, wasichana waliomaliza sekondari wakisubiri matokeo. Baba zao wanashindana kwenye uchaguzi wa mtaa, na hapo ndipo mwanafunzi wa siasa kama mimi anapokaa vizuri kitini: siri ya watoto inageuka silaha ya kampeni kabla watoto wenyewe hawajajua wanataka nini maishani. Kena anataka kuwa muuguzi. Yuko pia mama anayejua kila kitu mtaani. Mama Atim alihamia Nairobi, bana, akafungua kibanda cha chakula.

Hata jina la filamu lina siasa. Kahiu alieleza kwamba wapenzi wa jinsia moja hapa kwetu mara nyingi hulazimika kumtambulisha mwenzao kama "rafiki yangu" tu. Mimi naongeza kitu: Kiswahili chenyewe kilishafika hapo zamani. Pwani, mwanamke humwita mwanamke mwenzake "shoga yangu" na hakuna anayegeuka kutazama. Maana yake ni rafiki wa kike. Neno hilohilo ukimtupia mwanamume ni tusi. Lugha iliweka urafiki na tuhuma chini ya neno moja, ikatuachia sisi kuamua kwa sauti na kwa jinsia ya anayeambiwa. Sijui lugha nyingine ninayoiongea inayofanya hivyo.

Mwezi Mei 2018 Rafiki ilionyeshwa Cannes, filamu ndefu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha hilo. Wiki chache kabla, tarehe 27 Aprili, Bodi ya Kuainisha Filamu ilikuwa imeipiga marufuku nchini. Sababu iliyotolewa: maudhui yake na nia ya wazi ya kueneza usagaji kinyume cha sheria. Wakati huohuo Kahiu alisema hadharani kwamba bodi ilimtaka abadilishe mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno.

Rudia hiyo sentensi ya mwisho polepole. Filamu ina kipigo. Ina maombi ya kutoa pepo. Ina baba na mama wanaovunjika moyo, na msichana anayefukuzwa nchini na wazazi wake mwenyewe. Hayo yote hayakuwa shida. Shida ilikuwa dakika ya mwisho, Kena anaposikia jina lake likiitwa na uso wake ukafunguka. Kama Ziki angekufa, au kama Kena angelia madhabahuni akiomba msamaha, huenda leo tungekuwa tunaitazama kwenye basi la usiku kwenda Nairobi. Hilo la basi ni dhana yangu, lakini mkumbuke Selina na rafu yake.

Ndiyo maana nasema mhusika hakupigwa marufuku. Tumaini lake ndilo lililopigwa.

Sheria gani ilitumika? Kuna mbili, na watu huzichanganya kila siku redioni. Ya kwanza ni Kanuni ya Adhabu, vifungu 162 na 165. Mizizi yake ni kifungu 377 cha Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, sheria ambazo Mwingereza alizileta Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya kumi na tisa; kisha mwaka 1930 koloni likapata kanuni yake lenyewe. Adhabu inafika miaka 14. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu hivyo. Lakini soma vinavyosema: vinaadhibu tendo. Havisemi lolote kuhusu kuandika hadithi, kuwa na hisia, au kumpenda mtu kwenye ukurasa wa 112 wa riwaya.

Ya pili ni Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyotungwa 1962, mkoloni akifunga mizigo. Hiyo ndiyo inayompa mtu ofisini mamlaka ya kusema filamu hii ionyeshwe, hii isionyeshwe. Tuliirithi nzima. Serikali za baada ya uhuru hazikuona haraka ya kuitupa, na mimi nikisoma historia yetu naelewa kwa nini. Kibali cha serikali ndicho kilichotumika kuzima Ngaahika Ndeenda kule Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977, na kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini. Huko hakukuwa na shoga hata mmoja. Kulikuwa na wakulima wanaozungumzia mashamba yao.

Kuna anayesema sasa: lakini tunalinda watoto. Hoja ya kulinda watoto naiheshimu, sina ugomvi nayo. Katiba yenyewe, ibara ya 53, inaweka maslahi ya mtoto mbele. Ila bodi ina daraja la 18, na halikutumika. Ilibidi Kahiu aende Mahakama Kuu, na tarehe 21 Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany akasimamisha marufuku kwa siku saba, filamu ionwe na watu wazima tu. Alisema hakushawishika kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha misingi yake ya maadili kutikiswa na filamu moja. Siku saba zilihitajika ili filamu iweze kuwania nafasi ya kuiwakilisha Kenya kwenye Oscar. Pale Prestige, Nairobi, tiketi ziliisha. Mwisho kamati ikateua filamu nyingine, Supa Modo (nzuri sana, itafuteni), siku saba zikapita na Rafiki ikarudi kifungoni. Aprili 2020 jaji mwingine wa Mahakama Kuu akaamua kwamba bodi ilikuwa ndani ya mamlaka yake.

Haikuwa ya kwanza wala ya mwisho. Stories of Our Lives ya kundi la Nest, iliyojengwa juu ya masimulizi ya Wakenya wenyewe, ilipigwa marufuku mwaka 2014, na mmoja wa watayarishaji akakamatwa kwa madai ya kupiga filamu bila leseni. Mwaka 2017 ilikuwa zamu ya katuni sita za watoto, The Loud House ikiwemo. Mwaka 2021 ilikuwa I Am Samuel, ambayo ni filamu ya hali halisi: mwanamume aliyelelewa shambani kijijini, na baba yake mhubiri. Kila mara neno lililorudi lilikuwa lilelile: kueneza.

Neno hili lina safari yake. Mwaka 1988 Uingereza ilipitisha kifungu cha 28, kilichozikataza serikali za mitaa "kueneza" mapenzi ya jinsia moja kwa makusudi, au kuyafundisha shuleni kama aina ya familia. Moja ya cheche za sheria ile ilikuwa kitabu cha picha cha watoto kutoka Denmark, Jenny Lives with Eric and Martin, kuhusu msichana anayeishi na baba yake na mpenzi wa baba yake. Kifungu hicho kilifutwa Scotland mwaka 2000, na England na Wales mwaka 2003. Kueneza kukawa kosa tena katika sheria ya Uganda ya 2014, iliyobatilishwa na mahakama mwaka huohuo, na tena katika ile ya 2023. Sheria ililetwa na meli, na neno likafuata. Wanaosema jambo hili ni la kigeni wana nusu ya ukweli mkononi, ila wamekamata nusu isiyo yake.

Na Wamarekani, msidhani walizaliwa wakijua. Riwaya ya kwanza ya vijana kule inayokubalika kuwa iligusa jambo hili waziwazi ni ya John Donovan, 1969. Wavulana wawili wanabusiana, na baadaye mbwa wa mmoja wao anagongwa na gari akafa, na mvulana anaamini ameadhibiwa. Mbwa! Kwa miaka mingi baada ya hapo ajali za magari ziliwaandama wahusika hawa kama vile waliishi wote kwenye barabara ya Salgaa. Mwaka 1982 Nancy Garden akachapisha Annie on My Mind, wasichana wawili wa sekondari ambao mwishoni hawafi na hawatubu. Mwaka 1993 nakala ilichomwa moto Kansas City, na shule za Olathe zikakiondoa kwenye maktaba zao. Wanafunzi na wazazi wakaenda mahakamani, na mwaka 1995 jaji akaamuru kirudishwe. Unaona ni kipi kilichochomwa? Ni chenye mwisho mwema.

Sisi hatujafika kwenye kesi ya aina hiyo kwa sababu moja rahisi: hakuna kitabu cha kuondoa. Riwaya haziendi kwa bodi ya filamu. Lakini soko la vitabu Kenya ni shule, na mlango wa shule ni orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa. Mchapishaji anayetaka kula hatapeleka mswada ambao utamkwamisha pale. Kwa hiyo marufuku ya vitabu haihitaji tangazo wala jaji. Inafanyika mezani kwa mhariri, kwa kalamu nyekundu, au kabla ya hapo, kichwani mwa mwandishi. Binyavanga Wainaina alipotangaza hadharani Januari 2014 kwamba ni shoga, alifanya hivyo kwa maandishi mtandaoni, akimwandikia mama yake aliyekwisha kufariki mambo ambayo hakuwahi kumwambia. Hakuwa mtoto. Alikuwa na zaidi ya miaka arobaini na Tuzo ya Caine ya 2002 nyumbani.

Hapa ndipo pana uzito. Mwishoni mwa 2021 waziri wa elimu wa wakati huo alisema wanafunzi wa aina hiyo wasikubaliwe shule za bweni, waende shule za kutwa karibu na nyumbani. Niache ubaya au uzuri wa kauli. Kwa kuitoa tu, serikali ilikiri kwamba wanafunzi hao wako. Wako madarasani, wako kwenye foleni ya githeri, wanarudi nyumbani Lurambi, Shinyalu, Mumias. Na Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu kwa wawili, ilisema shirika lao haliwezi kunyimwa usajili, nchi ikalipuka, na wanafunzi hao walisikia kila neno kwenye redio ya matatu. Mhusika pekee anayefanana nao kwenye chochote walichoruhusiwa kusoma au kutazama ni yule mwendawazimu au yule wa kuchekwa.

Kuandika kwa uangalifu si kuandika kwa sifa. "Jambula Tree" haimsifu mtu. Inamwacha Anyango awe na hofu, awe na ukaidi, akosee. Mzazi wa Sanyu ana sababu zake. Msomaji anayeamini kwamba jambo hili ni dhambi anaweza kuisoma mpaka mwisho na imani yake ikiwa salama. Mimi ninao marafiki wa hivyo, mmoja ni kiongozi wa vijana kanisani, na alichoniambia baada ya kusoma ni kwamba sasa anamwogopa Mama Atim kuliko kitu kingine chochote.

Na wale mnaoniambia Kakamega haina la kusema hapa, nawakumbusha Butere Girls. Mwaka 2013 tamthilia yao Shackles of Doom ilizuiwa kufika tamasha la kitaifa kwa madai ya kuchochea ukabila. Mahakama Kuu ikaamuru waigize. Aprili 2025 ikawa Echoes of War, vijana wanaohoji watawala, na tena mahakama ikaamuru waigize. Mada zake ziko mbali kabisa na Rafiki, najua. Lakini mwaka huo kaunti nzima, wazazi, mapasta na wazee wa mtaa, iliuliza swali moja bila kuona aibu: kwani hawa wasichana wakisema haya jukwaani, nani atakufa? Kule Nakuru kulikuwa na gesi ya machozi. Wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakaingia kwenye basi wakarudi nyumbani bila kuigiza.